Fundi Upepo Aliyemtoa Mpiga Mbizi Pima Kumi na Moja

Habari hii nilisimuliwa kwanza na Arakaza, mke wa mpiga mbizi Barutwanayo, Jumamosi ya mwisho ya Agosti mwaka huu, tukiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga pale Mwanga. Alisema mumewe yuko hai kwa sababu ya mwanamke mmoja anayejua kusoma upepo. Jumatatu yake nikamfuata huyo mwanamke kazini, nikamwona kwa macho yangu, na mengine akanieleza mwenyewe.

Saa kumi na moja alfajiri Marcelina amekwisha kufika ufukweni. Amefunga kanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani, na mkononi ana tochi na spana. Anaimulika kompresa, mashine ya kubana hewa mitungini, kama mtu anayemtazama mgonjwa wake aliyelala salama. Anagusa mkanda, anaangalia mafuta, ananusa bomba la kuvutia hewa, kisha anavuta kamba ya kuwashia. Mashine inakohoa mara mbili, inakubali.

Mbele yake imesimama mitungi saba ya chuma, kila mmoja unamfika kiunoni. Anaufunga wa kwanza kwenye mpira, anafungua koki taratibu, halafu anakaza macho kwenye geji. Mshale unapanda: hamsini, mia, mia na hamsini.

"Usiharakishe," anasema, nami sijui ananiambia mimi au anauambia mtungi. "Upepo ukiingia kwa pupa chuma kinapata moto, mshale unadanganya. Kikipoa, umepungukiwa."

Mtungi ukifika bar mia mbili anaufunga, anausubiri upoe, anaupima tena. Hapo ndipo anachukua brashi na kuandika namba kwa rangi begani mwa mtungi.

Marcelina ana miaka arobaini na sita, ni Muha wa Kasingirima, mama wa watoto watatu. Anafanya kazi katika kambi moja ya samaki wa mapambo kando ya ziwa, kusini kidogo ya Ujiji. Hawa si samaki wa kula. Ni wale wadogo wa kwenye mawe, wa njano, wa bluu na wenye mistari, ambao watu wa mbali huwafuga ndani ya vioo ili wawatazame. Wapiga mbizi huwafuata chini na nyavu za mkono, nao wapiga mbizi hawawezi kwenda bila upepo wa Marcelina. Analipwa shilingi elfu kumi na mbili kwa siku ya kazi. Wenzake wanamwita Fundi Upepo, wengine kwa heshima, wengine kwa kumtania.

Upepo aliuanzia kwenye pancha. Baba yake, marehemu mzee Martini, alikuwa na kibanda cha kuziba matairi karibu na soko la Mwanga, na Marcelina alikuwa akitoka shule anakwenda kushika pampu. Mzee alikuwa na geji moja ya tairi yenye safu mbili za namba, nyeusi juu na nyekundu chini. Mtoto akauliza kwa nini tairi moja lisomwe mara mbili.

"Akaniambia tairi ni lile lile na upepo ni ule ule," anakumbuka. "Juu kunasomwa pauni, yaani pauni ngapi zinasukuma kila inchi moja ya mpira. Chini kunasomwa bar. Bar moja ni pauni kumi na nne na nusu. Akasema, ni kama mzigo wa dagaa, unaweza kuutaja kwa debe au kwa kilo, mabega yako hayatajua tofauti. Ila ole wako ukamlipe mtu wa debe kwa hesabu ya kilo."

Alimaliza darasa la saba, akafaulu, na hakwenda kokote, maana wadogo zake walikuwa wanne na pampu ilikuwa moja. Akaziba pancha miaka kumi na tisa. Kambi ilipotafuta mtu wa kompresa, wanaume wawili waliikimbia ile mashine kwa kelele zake. Yeye akabaki.

Ili msomaji aelewe kilichotokea Machi, lazima kwanza aelewe desturi mbili za pale kambini. Nilizieleza vibaya kwa wajukuu zangu, nikarudi kwa Marcelina akanieleza upya.

Desturi ya kwanza ni ya kukata sifuri. Wapiga mbizi hawakuwa wakisema mia mbili wala hamsini. Walisema ishirini, wakasema tano, na kila mtu alielewa. Mtungi uliojaa ni ishirini. Ukifika tano, mtu apande.

Desturi ya pili ni ya kamba. Mpiga mbizi akiwa kwenye mawe mikono yote miwili ina kazi, huku wavu na huku kapu, na geji inaning'inia ubavuni. Wengi hawaitazami. Saa yao ni mzee Thobias, mwenye boti, anayekaa juu na saa ya mkononi akishika kamba iliyofungwa kiunoni mwa aliye chini. Wakienda pima kumi na moja, Thobias anavuta dakika ya thelathini. Mvuto mmoja maana yake niko salama. Mitatu maana yake njoo juu.

Dakika thelathini hazikuokotwa barabarani. Marcelina alizipigia hesabu mwenyewe kwenye daftari. Mtungi una nafasi ya lita kumi na mbili, na bar mia mbili maana yake humo zimebanwa lita elfu mbili na mia nne za hewa hii tunayoivuta. Mtu anayefanya kazi huvuta kama lita ishirini kwa dakika. Lakini hiyo ni hapa juu. Kila mita kumi za maji zinaongeza uzito wa bar moja juu ya ile iliyopo tayari, na pima kumi na moja ni kama mita ishirini. Basi chini kule uzito ni bar tatu, na pumzi moja inakula hewa ya pumzi tatu. Lita sitini kwa dakika. Kwa mtungi uliojaa, baada ya dakika thelathini anabaki na bar hamsini za kupandia.

"Wao walisema hiyo ni bahati ya mzee Thobias," anasema Marcelina. "Sikuwabishia. Mradi walikuwa wanapanda."

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, katikati ya masika. Jioni iliyotangulia, Marcelina akiwa amekwisha kuondoka, msimamizi wa kambi, Feliksi, alileta kifaa cha kupumulia kilichotumika, badala ya kile cha Barutwanayo kilichokuwa kinavuja. Kilikuwa kizuri, kimeng'arishwa, na geji yake ilikuwa na namba kubwa nyeupe: 5, 10, 20, 30. Chini yake, kwa maandishi madogo kama punje za ulezi, iliandikwa kwamba ni mamia ya pauni. Hakuna aliyeyasoma.

Usiku mvua ikanyesha na kufuta chaki, maana siku hizo Marcelina alikuwa akiandika kwa chaki. Alfajiri akajaza mitungi sita, mafuta yakaisha. Wa saba ulikuwa na kiporo cha jana, bar mia moja thelathini na nane. Alikuwa ameuandika kwenye daftari, akauacha umesimama pale pale pamoja na wenzake, akaenda kuomba mafuta.

Barutwanayo ana miaka thelathini na moja. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye amekulia huku, na pale kambini hakuna anayemshinda kukaa chini. Alifika, akashika mtungi wa karibu, akafunga kifaa chake kipya, akafungua koki. Mshale ukaenda kusimama kwenye ishirini.

"Ishirini," akasema kwa sauti.

"Ishirini, sawa," akajibu Marcelina kutoka alikokuwa akipimiwa mafuta, bila kugeuka.

Anapofika hapa katika kusimulia, Marcelina anajitaja mwenyewe. "Mimi ndiye niliyesema sawa," anasema. "Nilisikia neno, sikwenda kutazama mshale. Andika hivyo hivyo."

Boti ikaondoka. Barutwanayo alikuwa na kazi ya kuwatoa samaki arobaini waliokuwa ndani ya kapu la wavu pima kumi na moja, awapandishe mpaka pima sita. Hawapandishwi kwa siku moja. Samaki ana kifuko cha hewa tumboni, na jinsi uzito wa maji unavyopungua ndivyo kifuko kinavyotanuka. Akipanda haraka anavimba kama puto na kufa. Kwa hiyo kapu hupanda kidogo, linafungwa kwenye kamba, linakaa siku nzima, kesho linapanda tena. Oda ya samaki hao ilikuwa imesubiriwa wiki sita.

Marcelina alirudi kujaza ule wa saba. Akahesabu mitungi, ipo sita. Akapima mmoja mmoja, yote imejaa. Akakaa kitako juu ya jiwe. Kama sita iliyojaa ipo, Barutwanayo amekwenda na kiporo. Lakini mbona alisema ishirini, na Barutwanayo si mwongo?

Alifikiri geji ile mpya ni mbovu. Kisha zikamjia zile safu mbili za namba za mzee Martini, nyeusi na nyekundu. Akaokota chaki, akaandika juu ya jiwe: mia moja thelathini na nane, mara kumi na nne na nusu. Jibu lilikuwa elfu mbili na moja.

Geji haikuwa mbovu. Ilisema kweli, ila kwa pauni. Pauni elfu mbili, kwa geji inayohesabu kwa mamia, ni ishirini. Na bar mia mbili, ukikata sifuri kama walivyozoea, nazo ni ishirini.

Akapiga hesabu ya pili bila chaki. Lita kumi na mbili mara mia moja thelathini na nane, gawa kwa sitini. Dakika ishirini na saba na ushee, na hapo mtungi ni mkavu kabisa. Mzee Thobias atavuta kamba dakika ya thelathini.

Alipiga simu mara tatu. Thobias huweka simu ndani ya kopo ili isilowe, hakusikia. Boti ilikuwa mbali kiasi cha viwanja vitatu vya mpira. Marcelina akachukua mtungi mtupu wa zamani, akaulaza, akaanza kuupiga kwa spana, kama kengele ya shule. Alipiga mpaka mzee akageuka, Marcelina akaweka mkono sikioni kumwonyesha apokee simu. Simu ikapokelewa.

"Mzee Thobias, Baru ana dakika ngapi chini?"

"Kumi na tisa. Mbona unapiga vyuma, umefiwa?"

"Mtoe."

"Bado kumi na moja, mama."

"Mtungi wake haukujaa. Mtoe sasa, lawama utanipa akiwa juu."

Thobias ana miaka sitini na tatu na hapendi kuamrishwa, lakini alivuta mara tatu. Kamba ikakaa kimya, halafu ikajibu mara moja. Niko salama. Barutwanayo alikuwa ndiyo kwanza ameanza kupanda na kapu. Alipoona kamba inavutwa kabla ya wakati alitupa jicho kwenye geji, akaona mshale uko kati ya tano na sita. Kwa hesabu yake alikuwa na karibu bar sitini. Kweli ilikuwa chini ya arobaini.

"Anasema yuko salama," Thobias akasema kwenye simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kuamini.

"Anasoma namba asiyoijua. Mzee wangu, nakuomba kwa heshima zote, vuta na usiache kuvuta."

Mzee akavuta. Barutwanayo anasema alivutwa kama ndoo ya kisimani. Akalifunga kapu haraka kwenye alama ya pima sita, moyoni akitukana, akapanda. Pima tatu akasimama, kama wanavyofanya wote ili mwili nao upumue upepo uliojiingiza ndani yake. Ni hapo, akiwa amejishikilia kwenye kamba, ndipo pumzi ilipoanza kuwa nzito.

"Ilikuwa kama kunyonya soda iliyokwisha kwa mrija," aliniambia. "Navuta, inakuja kidogo. Navuta tena, kidogo zaidi. Nikatazama juu nikaona tumbo la boti. Nikajiuliza, ingekuwaje kama hili lingenikuta kule kwenye mawe?"

Alitoka majini dakika ya ishirini na nane.

Usidhani alishuka kwenye boti na shukrani. Alishuka na hasira. Ndani ya kapu aliloliacha pima sita alikuwa ameona samaki kumi na wanne wamevimba, na Feliksi alikuwa amesimama ufukweni mikono kiunoni. Barutwanayo akasema mbele ya watu kwamba mwanamke wa pancha amemvuta kama mbuzi wa mnadani, na kwamba hao samaki yeye hawajui.

Marcelina alifungua mtungi kutoka mgongoni mwa kijana yule, akaufunga kwenye geji ya kompresa, akawaita wote watatu watazame. Mshale ulisimama kwenye tisa.

"Tisini?" akauliza Feliksi, aliyezoea sifuri zilizokatwa.

"Tisa," akasema Marcelina. "Tisa tupu."

Thobias akavua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu humo. Alikuwa amehesabu dakika miaka kumi na miwili, na wala hakukosea hata moja siku ile. Ndicho kilichomtisha.

Tangu siku hiyo kambi ile imebadilika. Hakuna anayekata sifuri. Mtu anataja namba nzima na jina lake, bar mia mbili, au pauni elfu mbili na mia tisa, na Marcelina lazima aione kwa macho kabla mtungi haujapanda botini. Geji za bar zimepakwa rangi ya bluu, za pauni nyekundu. Chaki imekufa, sasa ni rangi ya mafuta. Juu ya ubao mweusi ameandika njia yake ya mkato: pauni elfu moja ni bar sabini kasoro moja. Vijana waliokuwa wakimtania sasa wanashindana kuijibu, na anayekosea anafua kanga ya kufutia mitungi. Mafundi wa kuchomelea wa Kibirizi nao wameanza kumpigia simu, mmoja alikuwa na geji yenye maandishi asiyoyaelewa kabisa, akamsomea kwa simu herufi moja moja mpaka ikajulikana.

Lakini Arakaza, pale kwenye foleni ya unga, hakunisimulia ubao. Alinisimulia mchana wa siku ile.

Barutwanayo alifika nyumbani saa sita, hakula, akajilaza. Saa saba Marcelina akabisha hodi. Alikuja na nguo zile zile za kazi. Arakaza akampa kigoda, akamwuliza kuna nini, maana mumewe amekuwa kama jiwe. Marcelina akamweleza yote, pamoja na ile sawa aliyoisema bila kugeuka. Kisha akamgeukia mwenye nyumba aliyekuwa amejilaza mkekani.

"Viungo vinauma? Magoti, mabega?"

"Haviumi."

"Vikiuma utasema, hata kama hutaki kusema na mimi. Umepanda kwa haraka. Upepo ulioingia mwilini kule chini unaweza kutanuka kama wa samaki. Kisha niambie, nane ya geji yako ni bar ngapi?"

"Themanini."

"Rudia. Elfu moja ni sabini kasoro. Nane ni mia nane."

Barutwanayo akaanza kuhesabu kwa vidole. Arakaza, aliyekuwa anamnyonyesha mtoto, ndiye aliyejibu. "Hamsini na tano, hamsini na sita hivi."

Barutwanayo akainuka kwa kiwiko, akamtazama mkewe. "Wewe umejulia wapi?"

"Nauza mawese kwa chupa na kwa dumu, nisijue?"

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu atoke majini. Akakaa, akaomba apewe nyingine, akakosea mbili, akapata tatu. Halafu, macho yakiwa kwenye mkeka, akasema, "Mama, lile neno la mbuzi nimelifuta."

"Mimi nimefuta ile sawa," akajibu Marcelina. "Sasa lala."

Akalala. Arakaza akamwambia mgeni aende akapumzike, maana alikuwa macho tangu saa tisa usiku. Marcelina akakataa. Alitaka upite muda wa kutosha aone kama maumivu yatakuja. Ndipo wale wanawake wawili wakakaa wakizungumza kwa sauti ya chini, na ndipo Marcelina akataja jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

Alisema anataka kwenda chuo cha ufundi kusomea mitambo ya hewa, apate cheti. Amejaza fomu mara mbili, mara zote mbili wakamrudishia kwa sababu hana kidato cha nne. "Sitaki cheti cha kutundika ukutani," alisema. "Nataka siku nikisema mtu asishuke, asishuke. Leo ilibidi nimbembeleze mzee wa watu kwenye simu, na dakika zinakwisha."

Mwezi Juni Feliksi alimwandikia barua ya kumtambulisha, na chuo kimekubali kumpa mtihani wa kazi mwezi Novemba bila kuuliza vidato. Anajisomea kila siku baada ya mitungi. Anasema akifaulu atarudi pale pale ufukweni, na kompresa ya pili ataifungua Kibirizi.

Ila mchana ule barua ilikuwa bado. Mtoto alisinzia titi mdomoni, na muda si muda Arakaza naye akaegemea ukuta, kichwa kikaanguka begani. Marcelina akabaki peke yake akimsikiliza Barutwanayo. Alihesabu pumzi zake kwa saa ya simu, dakika kwa dakika: kumi na nne, kumi na tatu, kumi na tatu. Mara moja kijana akajigeuza, naye akasogea karibu aone kama amekunja uso. Hakuwa amekunja.

Anakumbuka alitazama saa mara ya mwisho saa tisa na dakika ishirini. Pumzi zilikuwa kumi na mbili. Akavua kanga ya kichwani, akaikunja, akaiweka chini ya shavu pale pale sakafuni karibu na mlango, na usingizi ukamchukua.